Rimu Iliyopinda Ikatwe

Hakuna swali linaloulizwa vibaya katika gereji za Meru kama hili: rimu ya lori imepinda kidogo, tuinyooshe au tununue nyingine? Linaulizwa kama swali la bei. Fundi anataja yake, muuza spea anataja yake, mwenye lori analinganisha, na bei ya chini inashinda kabla chai haijapoa. Mimi nasema rimu ya lori haiamuliwi kwa shilingi mpaka kwanza ijulikane ni nani atakayekuwa kando yake siku itakapoachia.

Pale Kinoru, mjini Meru, jibu liko wazi. Atakuwa kijana wa pancha, goti moja chini, mpira wa kompresa mkononi. Au utingo anayehangaika na tairi la spea usiku. Au dereva mwenyewe, anateremka mteremko wa mto Nithi na ndizi za Imenti mgongoni. Au mama aliyepanga viazi vyake kando ya barabara, ambaye hata rimu yenyewe haimhusu. Mwenye lori hayumo kati ya hao. Yeye ndiye mwenye kauli, na yeye ndiye pekee asiyeweza kuumia. Hapo ndipo ulipo ubaya wa jambo hili lote, na ndiyo sababu naliandika kwa hasira.

Kila anayefanya kazi ya lori huku kwetu ameisikia ile simu.

"Bosi, tumeingia shimo. Rimu ya nyuma imepinda, ile ya ndani."

"Imepinda sana?"

"Si sana. Lakini inacheza."

"Kama si sana, pigeni nyundo mje. Huo mzigo lazima ufike soko la Marikiti kabla ya alfajiri."

"Sawa, bosi."

Hiyo "sawa" haina hiari ndani yake. Dereva anajua kuna wenzake wengi wanaotafuta usukani. Anajua rimu mpya ikinunuliwa, huenda ikakatwa kwenye mshahara wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliingiza lori shimoni, kana kwamba shimo alilichimba yeye. Basi anasema sawa, anamtafuta fundi, na uamuzi uliofanywa na mtu aliyeketi kwenye kochi unabebwa na watu watatu au wanne waliosimama kwenye vumbi.

Tuongee chuma sasa, maana wengi wanaosema "kidogo" hawajawahi kuhesabu kinachozuiliwa na rimu. Malori mengi ya mchanga na kokoto huku kwetu bado yanavaa matairi ya tyubu ya inchi 20, na rimu zake ni za vipande: rimu yenyewe, na ringi ya kufungia inayokaa kwenye mfereji wake. Tairi la 10.00R20 lina kimo cha inchi 41 hivi. Ondoa duara la rimu katikati, ubavu mmoja wa tairi unabaki na eneo la inchi mraba kama 1,000. Lijaze presha 100, ambayo kwa lori la mzigo si kubwa, na kila inchi mraba inasukumwa kwa paundi 100. Zidisha: paundi 100,000 kwa upande mmoja, zaidi ya tani 45. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inazuiwa na ukingo wa rimu na ile ringi, kipande cha chuma ambacho kijana amekigongagonga kikaingia. Mfereji ukiwa mzima, ringi inashika miaka na miaka. Mfereji ukiwa umepinda hata mahali pa urefu wa kidole, ringi inashika nusu nusu, na hakuna anayeweza kukuambia itashika mpaka lini.

Ikiachia haianguki. Inaruka, na aliyeinama juu yake hapati nafasi hata ya kugeuza shingo.

Rimu za 22.5 za matairi ya tyubulesi, zilizokuja na malori mapya, hazina ringi, na kwa hiyo watu wanadhani hazina hatari. Ni kweli haziui kwa namna ile. Lakini zinabeba mzigo uleule, na tairi lake linazuia upepo kwa kubana kwenye ukingo tu. Ukingo ukipinda, upepo unavuja polepole. Tairi lenye upepo haba linapata moto likizunguka, na likipata moto linapasuka. Likiwa la ndani, kati ya yale mawili ya nyuma, dereva hana habari mpaka lile la nje nalo limeelemewa.

Sasa njoo uone inavyonyooshwa. Rimu inalazwa juu ya kipande cha chuma kizito. Kichwa cha gesi kinawashwa, mwali unakuwa wa buluu, na fundi anaupeleka na kuurudisha juu ya mpindo mpaka chuma kinaiva chekundu. Mwenzake anainua nyundo na kupiga. Anapiga, wanageuza, anapiga tena. Wakiridhika kwa macho wanaimwagia maji ipoe haraka, kwa sababu lori linasubiri. Inafuata brashi ya waya, inafuata rangi ya silva. Muda si mrefu rimu inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani, na hakuna jicho litakaloona pale ilipochomwa.

Sina neno baya kwa mikono ile. Ndiyo inayotutengenezea milango, majiko na mikokoteni, na mji huu ungekwama bila hiyo. Lakini moto haujali ujuzi wa mtu. Chuma cha rimu kilipata nguvu yake kiwandani, kwa mchanganyiko wake na kwa jinsi kilivyoviringishwa na kupozwa. Ukikichoma mpaka kiwe chekundu unaifuta kazi hiyo, tena mahali palepale palipokwisha kuumia. Ukikimwagia maji unaweza kukiacha kigumu na chepesi kuvunjika upande mmoja, laini upande wa pili, na ufa huanzia mpakani. Hata ile rangi ina madhara yake. Ikipakwa nene pale rimu inapokutana na habu, inasagika kwa joto na mtikisiko, ule unene unatoweka, na nati zilizokuwa zimekazwa barabara zinabaki zimelegea. Ndivyo gurudumu linavyoliacha lori lake na kutangulia mbele ya watu.

Na nyundo bila moto je? Kuna wanaoniambia samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo rimu inyooshwe mapema, mpindo ukiwa bado mdogo. Methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya watoto, haikusemwa kwa ajili ya chuma. Chukua kipande cha waya wa seng'enge, ukikunje, ukikunjue, ukikunje tena, utakivunja kwa vidole vyako. Rimu iliyopigwa na shimo imekunjwa mara moja. Fundi anapoirudisha ameikunja mara ya pili. Halafu unaipeleka Tharaka ikabebe mchanga.

Wabaya kuliko wote ni wale wasiovua tairi. Wanaona uvivu kulitoa, wanatoa upepo tu, kisha wanaweka moto au wanachomelea ufa rimu ikiwa ndani ya tairi lake. Mpira ukipata joto kali unatoa gesi zinazowaka, na gesi hizo zikijikusanya ndani ya tairi zinalipuka hata kama upepo ulitolewa wote. Fundi anayefanya hivyo anajichomea bomu, na aliyemtuma anajua au hataki kujua.

Wengine waliliamua jambo hili zamani. Marekani, baada ya watu kuuawa na rimu hizi za vipande, iliweka kanuni ya usalama kazini mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaipanua ishike pia rimu za kipande kimoja. Kanuni hiyo haina maneno mengi. Sehemu ya rimu iliyopinda, iliyoliwa na kutu, iliyovunjika au yenye ufa isitumike, iwekewe alama kuwa haifai, na iondolewe mahali pa kazi. Isichomelewe, isitiwe moto, isifanyiwe ukarabati wowote wa namna hiyo. Tairi la rimu ya vipande lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Hakuna kipengele kinachosema "ikiwa imepinda kidogo na mzigo una haraka".

Wala hatuhitaji kuazima sheria ya wenyewe. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Ina mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Lakini ukaguzi wa siku moja unaacha siku 364, na rimu ya ndani iliyopakwa silva haimwambii mkaguzi kitu. Askari wa barabarani ataangalia leseni, bima na kibandiko. Sijamwona akichuchumaa kuangalia mfereji wa ringi.

Haya, kuna mpindo unaovumilika? Upo, na sitaki kudanganya kwa sababu nina hasira. Rimu ya chuma, nzima, isiyo na ufa, ambayo haikupigwa moto, inaweza kucheza kwa takriban milimita 2 na bado ikafanya kazi. Lakini hiyo inapimwa, haikisiwi. Piga jeki ekseli, weka stendi, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa. Simamisha msumari au kipande cha waya kwenye kitu kisichotikisika, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono na uangalie nafasi ile inavyopanuka na kubanana. Fanya kwa upande, kisha fanya kwa juu. Kama tofauti ni unene wa sarafu moja, rimu yako ni nzima: iache, usiiguse kwa nyundo wala kwa kitu kingine. Kama ni zaidi ya hapo, haifai. Katikati ya hayo mawili hakuna nafasi ya nyundo, na hapo ndipo biashara yote ya kunyoosha inapoishi.

Tena kuna mambo ambayo hayangoji kipimo. Ufa wowote, hata wa unywele, hasa unaotoka kwenye matundu makubwa ya rimu au kwenye matundu ya boliti. Matundu ya boliti yaliyotanuka yakawa marefu kama yai. Ringi iliyopinda, au mfereji wake. Uso wa rimu, pale inapoegemea habu, ukiwa haukai bapa. Rimu ya alumini iliyopinda, popote ilipopindia. Safisha rimu kwa brashi ya waya kabla ya kutazama, maana ufa hujificha chini ya matope na rangi, na mara nyingi hujitangaza kwa mstari mwembamba wa kutu unaotiririka kutoka mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kutu.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba mwenye lori moja si tajiri. Amekopa, benki inadai, dizeli iko juu, na msimu wa viazi ukiharibika hana pa kukimbilia. Namwamini. Lakini namuuliza bei ya tairi jipya, ambayo anaijua kwa kichwa. Rimu ya chuma kwa kawaida haiifikii. Anavalisha tairi la thamani kwenye rimu inayolitafuna upande mmoja, inalichosha kabla ya wakati wake, inachosha na beringi, kisha anasema amebana matumizi. Na kama biashara yake haiwezi kununua rimu moja bila kufa, basi biashara hiyo inaendeshwa kwa mwili wa dereva, na mwili wa dereva hakuuweka rehani benki.

Pili, kwamba kosa ni la barabara. Hapa nakubaliana nao kwa moyo wote. Tangu Julai 2024 kila lita ya dizeli na petroli inatozwa shilingi 25 za kutunza barabara, kutoka shilingi 18. Tunazilipa kila siku pampuni, na wakubwa wamekuwa wakigombania fungu la kaunti huku mashimo yakisubiri. Anayelipa shilingi 25 kwa lita ana haki ya kupita bila kupindiwa rimu, na anayo haki ya kupiga kelele. Apige. Mimi nitapiga naye. Lakini deni la serikali halimpi ruhusa ya kulipiza kwa kijana wa pancha.

Na si mashimo peke yake. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2013, ekseli moja yenye matairi mapacha mwisho wake ni tani 10. Ekseli ngapi za malori ya mchanga zinaheshimu hizo tani 10 njia ikiwa haina mizani? Rimu inayobeba mzigo wake halali ikiingia shimo huumia. Inayobeba mzigo na nusu hupinda. Anayejaza kupita kiasi kisha akalaumu barabara anasema nusu ya kweli.

Kisha kuna barabara yetu yenyewe, ya kutoka Meru kupitia Nkubu na Chuka hadi Embu, inavyoteremka na kupanda mito: Mutonga, Nithi, Thuci. Julai 2022 basi lililokuwa likienda Mombasa lilitoka barabarani kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Silitaji kwa sababu ya rimu. Nalitaja kwa sababu kila dereva wa lori hupita mahali pale akiwa na breki zilizopata moto, na joto la breki haliishii kwenye dramu. Linapanda kwenye rimu, linafika kwenye tairi. Rimu iliyodhoofishwa kwa gesi asubuhi inajaribiwa upya jioni kwenye mteremko huo, ikiwa na tani zake zote juu.

Tatu, wananiambia nitawanyima mafundi riziki. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linasemwa na watu ambao hawajawahi kuuliza fundi wa pancha ana bima gani. Utingo na dereva walioajiriwa wanalindwa, kwa karatasi angalau, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Kijana wa banda la pancha kandokando ya barabara si mwajiriwa wa mwenye lori. Ringi ikimvunja taya, mwenye lori atatoa pole, pengine na nauli ya kwenda hospitali, kisha lori litaondoka. Usiniambie unalinda riziki ya mtu ambaye hutamlipia matibabu.

Riziki ya kweli ipo. Fundi alipwe kwa kukagua: kusafisha, kupima, kutafuta ufa, kusema inafaa au haifai. Hiyo ni kazi ya ujuzi na ina bei. Mafundi wa kuchomelea watengeneze vizimba vya kujazia upepo, vya mabomba mazito, vyenye uwezo wa kuhimili presha mara moja na nusu ya ile ya tairi. Uwanja wa Kinoru uliingizwa kwenye matengenezo kwa matumaini ya mashindano ya soka ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa Septemba 2017. Pesa za kazi ile zilitafutwa. Basi serikali ya kaunti haiwezi kusema imeshindwa kuweka kizimba kimoja cha chuma kila kituo cha malori, chenye mpira mrefu wa kompresa, geji, na kichwa kinachojibana chenyewe kwenye vali ili mjazaji asimame mbali, kando, asiwe mbele ya ringi.

Mpaka vizimba hivyo vije, kuna jambo lisilogharimu hata shilingi, na ningependa kila utingo alijue: toa upepo wote, kwa kung'oa kiini cha vali, katika matairi yote mawili mapacha, kabla nati ya kwanza haijaguswa. Rimu iliyopasuka mara nyingi inashikiliwa na nati hizo. Ukizilegeza tairi likiwa na upepo, umeifungulia. Na rimu mpya ikishafungwa, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hadi 160, maana hulegea zikishajikalia.

Ile iliyokataliwa isiegemezwe ukutani. Ikiegemezwa itauzwa, itapakwa silva, itarudi kwenye lori la mtu mwingine ambaye hakusikia mjadala wake. Fundi aliyeleta gesi aitumie gesi hiyo kuikata vipande viwili papo hapo, mbele ya dereva, na mwenye lori auze vipande kwa kilo kama vyuma vikuukuu.

Na dereva? Ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa la kufanya. Inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa inayomkabili kazini, na inamkataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo asipige simu. Aandike ujumbe: rimu ya nyuma kushoto, ya ndani, imepinda, nimepima, siliendeshi lori hili mpaka ibadilishwe. Aambatanishe picha ya msumari na ile nafasi. Amtumie mwenye lori, amtumie na mwenzake mmoja anayemwamini, na asiufute. Bosi akimjibu "pigeni nyundo mje", atakuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya kesi hakimu atausoma ujumbe huo mbele yake.